Lango la Kuogea

Kadzo alijaza mafuta kwenye matangi ya setilaiti, na mumewe Mwaringa alijaza kioksidishaji. Vimiminika hivyo vikigusana tu huwaka, bila kiberiti. Kwa hiyo sheria ya mji ilikataza anayeshika kimoja kukutana na anayeshika kingine, hata wakiwa mke na mume. Watoto wa chini ya miaka saba pekee ndio waliovuka kati ya pande mbili za mji, baada ya kuogeshwa langoni na kuvishwa nguo safi.

Jioni hiyo Kadzo alimpokea langoni binti yao, Dama, akamnusa utosini akitafuta harufu ya baba yake. Akakuta sabuni tupu.

"Mama Dama, umekonda," Mwaringa alisema kutoka nyuma ya kioo cha lango. "Ugali wa peke yako haunogi?"

"Kila siku nasonga wa watu wawili, halafu ndipo nakumbuka."

Mwaringa alicheka. "Kesho anatimiza miaka saba. Wakuu wa mji wataniuliza abaki upande gani, asivuke tena."

"Nami wataniuliza."

Dama aliweka kiganja kwenye kioo, mkono wa pili ukishika kanga ya mama yake.

"Mimi nitakaa hapa langoni," alisema. "Hapa mnaniona nyote."

Kadzo alijikuta akiitazama sakafu iliyolowa, akipima kwa macho kama godoro la mtoto lingeenea.