Misumari Mdomoni

Msumari ulizama kirahisi mno, kama umechomwa kwenye papai bivu. Baba Mapacha, aliyekuwa akijijengea nyumba mwenyewe, akaduwaa juu ya ngazi, misumari mingine ameibana kwa meno.

Waya mkubwa wa umeme ulipita hapohapo, nyuma ya bati la ukuta. Fundi umeme alikuwa amemwambia asubiri kwanza amwekee alama ya chaki. Yeye akaona anacheleweshwa bure.

Chini, mkewe alisimama peku kwenye tope, akiuosha kwa viganja ukuta mpya wa mabati. "Umeng'aa huo, Baba Mapacha! Majirani watatukoma!" Akauegemea kwa bega.

"Haya, wenye nyumba," fundi umeme akaita kutoka ndani, "nawasha!"

Baba Mapacha akafumbua mdomo. Misumari ndiyo iliyotangulia kutoka.