Makopo Mawili ya Baruti

Makopo mawili yalikuwa wazi juu ya meza.

Orval Stensrud alisimama mlangoni mwa karakana yake, kikombe cha kahawa mkononi, akayatazama. Maisha yake yote hakuwahi kuweka zaidi ya kopo moja kwenye meza ile. Ndivyo baba yake alivyomfundisha, naye akamfundisha hivyo binti yake Marlys: toa kopo moja, jaza baruti kwenye maganda ya risasi, lifunge, lirudishe rafuni, ndipo uguse jingine.

Alitia kidole katika kopo la kwanza. Vijiti vyembamba: baruti ya bunduki ya kulungu, inayoungua polepole. Katika la pili, chembe bapa kama pumba za ngano: baruti ya marisau ya kupigia ndege, inayoungua kwa ghafla. Ukiitia hiyo katika risasi ya kulungu, bunduki hupasuka usoni mwa mwenye kuishika.

Jumamosi alikuwa amejaza boksi zima la risasi. Jumapili jioni Darrell, mume wa Marlys, alikuja kulichukua. Leo msimu wa kulungu ulikuwa umefunguliwa, na Darrell alikuwa mlimani tangu alfajiri.

Alijaza kutoka kopo lipi? Alikumbuka mizani ya kupimia baruti, na jinsi alivyoisogeza karibu na taa kwa sababu sindano yake haikuonekana vizuri. Kopo hakulikumbuka.

Simu hazishiki kule juu. Kumpigia Marlys angeweza, lakini angemwambia nini? Wakati wa kiangazi Marlys alikuwa amemwambia, kwa upole, "Baba, mwaka huu tununue tu risasi za dukani." Naye akajibu, "Za dukani ni za wanaume wasio na baba mkwe." Wote walicheka mezani.

Aliacha kahawa, akatia koleo mfukoni na kupanda pikapu.

Barabara ya msituni ilikuwa na theluji mpya. Aliendesha akiinamia usukani, akijisemea kwamba mtu asiyeiona sindano ya mizani angepaswa kuwa ameacha zamani. Alijua hilo. Aliendelea kwa sababu kila mwaka Darrell alirudi na nyama, na watu walisema, "Risasi za Orval hizo."

Mlio ukasikika juu ya misonobari.

Alisimamisha gari, akashusha kioo. Alisubiri mlio wa pili, au sauti ya mtu. Hapakuwa na kitu. Akapanda kwa miguu, akifuata alama za buti, pumzi zikimwishia.

Darrell alikuwa amepiga magoti chini, damu mpaka kwenye viwiko. Mzee alimkimbilia. Kisha akaziona pembe, na tumbo la kulungu likiwa limepasuliwa.

"Umekuja kubeba au kula?" Darrell aliuliza. "Maana wa kula tumejaa."

"Risasi zilizobaki ziko wapi?"

"Mfukoni mwa koti. Kulikoni, mzee? Uso umekupauka."

Orval alizitoa mfukoni. Alitoa koleo, akang'oa kichwa cha risasi moja na kumimina baruti kiganjani. Akaipekecha kwa kidole gumba. Vijiti. Akafungua ya pili. Vijiti.

Akaketi kwenye theluji.

"Nilidhani nimekuua," alisema. "Nimekuta makopo mawili wazi mezani, la vijiti na lile la ndege. Njia nzima natafuta maneno ya kumwambia Marlys. Kumbe nilitumia la vijiti." Alijaribu kucheka. "Bado nimo."

Darrell hakucheka. Alifuta kisu kwenye suruali, upande mmoja, kisha wa pili.

"La vijiti ni la Marlys," alisema. "Alilisahau Jumapili. Kila mwaka ukiwa kanisani anakuja, anazifungua risasi zako zote, anamwaga baruti, anazijaza upya. Tulikosa moyo wa kukuambia."

Mzee alitazama vile vijiti kiganjani mwake.

"Na kopo langu mimi?"

"Lako la vijiti liliisha mwaka juzi, baba. Limebaki lile la ndege tu."