Simu Kutoka Melini

Mwanamume nisiyemjua alibisha hodi, binti yangu akiwa begani mwake.

"Ameanguka kutoka ukutani, dada. Anasema alikuwa anatafuta mtandao. Simu yako hii hapa."

Baba yake ni mpishi melini. Hupiga simu mara moja kwa mwezi, meli ikitia nanga, na siku yenyewe ndiyo hiyo. Hata mimi nilikuwa nimejipaka wanja tangu asubuhi.

Juu ya sikio la binti palikuwa na nundu. Alitabasamu, akaomba maji. Nikajiambia, tuongee na baba kwanza, halafu tutaona.

Akatapika. Akatapika tena, na macho yakaanza kulegea.

"Labda alale kidogo," nikasema.

"Asilale, dada. Twende hospitali sasa hivi, gari langu la mikate liko hapo nje."

"Na mikate ya watu?"

"Itasubiri."

Hospitalini muuguzi alituonya, "Humu hatupokei simu, mama. Ukipigiwa, toka nje."

"Mama, usitoke," binti akanong'ona.

"Sitoki."

Daktari alikuwa akimmulika jicho la kushoto simu ilipoanza kutetemeka mfukoni mwangu. Ilitetemeka kwa muda mrefu. Nilizidi kumpapasa nywele, zilizokuwa zikinukia mkate, mpaka simu ikanyamaza.