Kiti cha Bi Rukia

Adhuhuri hiyo Mzee Shebe aliingia hotelini peke yake. Mbaruku, mkuu wa wahudumu, alimpeleka kwenye meza ya dirishani na, kwa mazoea ya miaka ishirini, akavuta kwanza kiti cha mkewe, aliyezikwa wiki iliyopita.

“Nisamehe, mzee wangu. Mikono imesahau.”

“Usikirudishe. Ungeanza na mimi, angekununia.” Mzee alijaribu kucheka. “Tangu tumzike, chakula hakinishuki. Mkaribishe, labda nitakula.”

Mbaruku akainama. “Karibu, Bi Rukia,” akanong’ona, akakisukuma kiti taratibu kuelekea mezani.

Kiti kilikuwa kizito, kama kimekaliwa. Alipoinua macho, mzee alikuwa ameshamega mkate, na kichupa cha chumvi amekisogeza upande wa pili.