Aliye Nyuma

Nesi alisimama makusudi mlangoni mwa duka la mikate, apate kujua kama kuna atakayemkumbuka.

Katika matembezi ya Jumamosi ya kikundi chao, kila mtu alipaswa kumwangalia aliye nyuma yake. Yeye, mgeni wa mji, alikuwa wa mwisho.

Sauti ya kiongozi, iliyokuwa ikisifu majumba ya kale, ikakata kona pamoja na vicheko vya wenzake. Hakuna aliyegeuka. Kipande cha mkate walichoonjeshwa kikapoa taratibu kiganjani mwake.

"Umepotea, dada?" muuza mikate akauliza.

"Hapana. Nawangoja wenzangu."

"Wale waliokwishaenda zao?" Akamvutia kiti. "Haya, basi ngoja huku umekaa. Miguu haina kosa."

Nesi akakaa, akaipa kona mgongo.