Sarafu ya Vichwa Viwili

Sarafu ilikuwa na kichwa cha mfalme pande zote mbili. Zamda mwenyewe ndiye aliyemrudishia Mwanahija, jirani yake, kama chenji ya vitumbua, bila kuitazama. Mwanahija alipomwambia ina vichwa viwili, Zamda alikimbilia kwa sonara kuuliza bei.

"Inanunua mbuzi watatu," sonara alimwambia, "mradi isisuguliwe."

Jioni Mwanahija akaja nayo. "Shoga, kesho naipeleka kwa sonara nikajue bei yake. Wewe bahati yako kupika, mie yangu kula!" Akacheka. "Ila ina kutu. Niende nayo hivihivi?"

Wivu ukampanda Zamda. Akainama mekoni, akafumbata jivu.

"Akuone mchafu? Isugue, ing'ae."

Mwanahija akakinga kiganja, sarafu katikati. Mkono wa Zamda ukabaki juu yake, bado umelifumbata jivu.