Pikipiki ya Yung-tai

"Haya matairi siyo," Su-chin alisema kabla hata hajamaliza kusalimia.

Fundi Kuo aliinua macho juu ya miwani. Hii ilikuwa mara ya tatu katika siku nne mama huyu kuingia karakanani mwake, mkono mmoja umemshika binti yake, mwingine umeshika picha iliyochanwa gazetini.

"Yana kasoro gani, mama?"

"Yana meno. Hayo ni ya kupandia milima. Mimi nilisema ya lami."

"Pikipiki za aina hii ndivyo zilivyo. Zinakaa juu, matairi ya meno, zipite popote. Kama ni lami tu, si ungechukua ya lami?"

"Anataka hii hii, lakini ya kuendeshea barabarani."

Fundi akacheka. "Kumbe anataka mabuti ya shambani ya kuendea harusini."

Su-chin hakucheka, kwa sababu maneno kama hayo ndiyo yeye mwenyewe alimwambia mumewe kwa miaka saba. Kila jioni Yung-tai aliweka gazeti la pikipiki kando ya bakuli, akasoma mpaka supu ikapoa. Ndogo zinakata pumzi kwenye mwinuko wa Alishan. Kubwa zitamwangukia mguuni kwenye kila taa nyekundu. Za kati ndizo zenyewe, lakini hii kiti kiko juu mno kwa miguu yake mifupi, ile inatetemesha mikono. Alitaka kushuka pwani ya mashariki, kutoka Hualien mpaka Taitung, bahari ikiwa kushoto kwake njia nzima. Kila mwaka mpya alisema mwaka huu nanunua. Kila mwaka mpya akaongeza gazeti.

Sasa kuchagua kumemwangukia Su-chin. Kesho saa tatu asubuhi ndugu wote watakusanyika, na akikosea hakuna kurudia.

Na ndugu wenyewe walikuwa wamemchosha. Mama mkwe alitaka gari, maana kwenye pikipiki mwanawe atanyeshewa. Shemeji Yung-fa alipiga simu mara mbili kwa siku.

"Shemeji, chukua lile gari jeusi, linakuja na dereva wake kabisa. Pikipiki? Watu watatuonaje?"

"Kwani wataliendesha wao?" Su-chin alimjibu, akakata simu.

Sasa alinyoosha kidole kwenye kibao cha namba. "Hiki nacho. Umeweka cheupe. Injini ya mia tatu inavaa cha njano."

"Mama, huko nani atamsimamisha?"

"Atajisimamisha mwenyewe. Humjui huyo."

Fundi akaguna, akaandika kwenye kipande cha boksi: matairi, kibao. Binti, Yu-an, wa miaka minne, akanyoosha mkono kwenye kiti.

"Usiguse," wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Rangi haijakauka, mjukuu wangu," fundi akaongeza kwa upole, kisha akamgeukia mama. "Kiti nimekishusha kama ulivyotaka. Niongeze nafasi ya mtu wa nyuma? Wengi huomba."

"Hapana. Kiwe cha mtu mmoja."

"Mimi nitakaa nyuma ya baba," Yu-an akasema.

"Hapana."

Lilimtoka kwa ukali kuliko alivyokusudia. Mdomo wa mtoto ukaanza kucheza. Su-chin akachuchumaa, akampangusa pua kwa kiganja, akamwekea nywele nyuma ya sikio.

"Wewe una safari zako, mwanangu. Ndefu, ndefu sana. Utazichoka."

Fundi akageuka upande, akajishughulisha na brashi ambayo ilikuwa safi tayari.

"Fundi, nitajuaje kama imemfaa?" Su-chin akauliza akiwa bado amechuchumaa.

"Nina miaka thelathini na moja kwenye kazi hii. Hakuna aliyerudi kulalamika."

Su-chin akamtazama. "Utani huo unawaambia wateja wote?"

"Wale ninaoona watauweza."

Aliporudi saa kumi jioni, matairi yalikuwa laini na kibao kilikuwa cha njano. Aliizunguka pikipiki mara mbili, picha mkononi, akilinganisha taa na taa, tangi na tangi. Fundi alisimama kando kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa.

"Kioo cha kushoto kimeinama."

Fundi akashusha pumzi, akakinyoosha. "Na mumeo ndivyo alivyo hivi?"

"Mimi nina nafuu. Kwa nini unadhani miaka saba hakununua?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile. Halafu hasira zikampanda tena. Kuchagua ilikuwa kazi ya Yung-tai. Yeye ndiye aliyejua tofauti ya hii na ile, na yeye hayupo hapa kusema ndiyo, hii, basi. Alitazama kiti, akakadiria kwa macho miguu mifupi anayoijua kuliko yake mwenyewe, moja kushoto, moja kulia, nyayo zote mbili zikigusa chini.

"Hii," akasema. "Basi. Ni hii."

Kesho yake saa tatu, siku ya arobaini na tisa tangu Yung-tai afariki, ndugu walishika kamba nyekundu wakaizunguka ile pikipiki ya mianzi na karatasi, ya kuchomwa ili imfikie marehemu huko aliko, mizimu isiyo na kwao isije ikaidandia kabla ya mwenyewe. Su-chin akawasha kiberiti, akakisogeza kwenye tairi la mbele, akasema, "Njoo uichukue, baba Yu-an. Na uendeshe polepole."